Kumfungashia Msafiri

Mjukuu wangu Salma,

Salamu nyingi kutoka Auburn. Mama yako yuko kazini, mguu wangu umepoa, alhamdulillahi. Wewe huko Perth unakula kweli?

Umeniuliza kwa nini Wachina wa kale walizika wafu wao pamoja na vijitu vya udongo. Mimi sikusoma, lakini nilipoona zile picha ulizonitumia za makumbusho, mpishi, mpiga ngoma, farasi, nilimkumbuka mama yangu.

Siku naondoka Tanga kwenda kuolewa Mombasa, alinifungashia mikate, mchele, mpaka mwanasesere wa udongo aliyemfinyanga mwenyewe.

“Mama, mimi mtu mzima! Watanicheka.”

“Wakucheke. Mimi siwezi kuja, huyu ataweza.”

Niliona haya njia nzima. Lakini ugenini kule ndiye niliyekuwa nikizungumza naye.

Sisi maiti wetu twamzika na sanda tu, na dua. Wale nao, naona, walikuwa wakimfungashia mtu wao, asifike peke yake.

Nashukuru sana umeniuliza mimi, mwanangu. Na ile bizari niliyokufungashia, uliyolalamika kwamba imejaza begi, usiitupe. Ndiyo mwanasesere wangu huyo.

Bibi yako