Umbo la Pande Saba

Yaya Clarisse,

Mdomo wangu bado umezoea kukuuliza, dada yangu mkubwa wa kazini. Juzi nilikwama kwenye mstari mmoja wa programu, nikageuza kiti na kusema, "Yaya, hii ni nini?" Nyuma yangu alikuwa mama mmoja aliyekuja kuchaji simu yake. Alinitazama kwa huruma. Nikamwomba radhi, halafu nikabaki sijui nimemwomba radhi ya nini. Basi nimeona afadhali nikuandikie. Pengine nikiyaweka kwenye karatasi nitaelewa mwenyewe ninachotaka kukuuliza, maana hata hilo sina hakika nalo.

Zile kompyuta sita za shule ya Kasungami zimebaki mbili. Siku moja ya mvua umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza nne kwa mkupuo mmoja. Nilisimama mlangoni nikinusa ule moshi, nikasema na Tembeya, ile lugha ya kompyuta uliyowatungia watoto, imekwisha, imemfuata mwenyewe. Lakini parokia ikaleta tableti kumi na moja, na mwalimu mkuu akaniita ofisini. "Héritier," akasema, "iyi kitu ya Clarisse, uiingize mule. Batoto banaiuliza kila siku."

Nilikubali haraka mno. Nilifikiri ni kazi ya wiki mbili.

Unakumbuka siku uliyonionyesha Tembeya mara ya kwanza? Uliandika maneno ambayo mtoto wa darasa la nne anayasema nyumbani, tembeya, geuka, rudilia, na yule konokono wako akaanza kutambaa kwenye kioo akiacha mstari nyuma yake, mpaka mraba ukatokea. Mimi nilikuwa nimetoka chuo na diploma yangu, najua lugha tatu za kompyuta, na zote maneno yake ni ya watu wengine. Ukaniambia konokono hasikii Kiswahili. Anayesikia ni ile mashine ya katikati, mashine isiyoshikika, programu inayosoma agizo moja baada ya jingine na kulifanya kuwa kazi. "Iyi mashine ya katikati ukiipeleka fasi ingine," ulisema, "luga yote inakufwata."

Basi ndiyo niliyoipeleka. Agizo kwa agizo, nilikuwa nasoma uliyoandika kwa ajili ya kompyuta za zamani, naandika upya kwa ajili ya tableti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye kisanduku kimoja cha kumbukumbu ulichokiita "ilibakia". Hukuandika maelezo yoyote pembeni. Agizo la kugawa lilikuwa linatia kitu humo, na agizo la kugeuka lilikuwa linachungulia humo. Sikuona faida yake. Nikafikiri ni mabaki ya toleo la zamani, kitu ulichosahau kukifuta. Nikakifuta mimi. Yaya, niseme kweli, siku ile nilijiona fundi kukushinda.

Mraba ulichoreka. Pembetatu ikachoreka, pande sita, pande nane, pande tisa. Halafu nikaweka programu ya mwanafunzi wako mmoja, umbo la pande saba, na konokono akazunguka akarudi karibu na alipoanzia, asifike. Palibaki mwanya mwembamba. Nikajaribu pande kumi na moja, mwanya ukawa mkubwa zaidi. Kwenye kompyuta ya zamani, programu ileile, herufi kwa herufi, ilikuwa inafunga bila shida.

Wiki tatu, Yaya. Nililaumu kioo cha tableti. Nililaumu upana wake. Nilibadilisha hata rangi ya mstari, na sijui rangi ingesaidia nini. Ningeweza kutumia namba za desimali, lakini wewe ulikataa tangu mwanzo, ukasema watoto hao hawajazifikia, Tembeya itaishi na namba nzima. Na mimi, ambaye nimekufutia kisanduku chako, sikuthubutu kuvunja neno lako. Angalia akili yangu ilivyokuwa.

Nilikwenda kwa mama yako kutafuta madaftari yako. Mama Ngalula alikuwa uani na cherehani yake, anashona jupe, sketi ya kwaya. Aliniambia madaftari yako ameyafunga kwenye kitenge na hayuko tayari kuyafungua. Sikumsukuma. Nikakaa, nikamwonyesha tableti. Aliangalia konokono akizunguka, akaangalia ule mwanya, akavua miwani.

"Iyi jupe haifunge," akasema.

"Ndiyo shida yangu, Mama."

"Kitambaa chenye kilibakia, uliweka wapi?"

Nilimwuliza kitambaa gani. Akanivuta karibu na cherehani kana kwamba mimi ndiye mshonaji mgeni. "Ukigawa kitambaa mu bipande saba, kila mara kunabakia kadogo. Haukatupe. Unakaingiza mu mishono, apa kidogo, apa kidogo, muntu haone. Clarisse nilimufundisha ivi akiko na myaka kumi."

Nilisahau hata kuaga vizuri. Mzunguko mzima ni nyuzi mia tatu na sitini; gawa kwa saba ni hamsini na moja, inabaki tatu. Mimi zile nyuzi tatu nilizitupa. Wewe ulikuwa unaziweka kwenye kisanduku, vipande kwa vipande, na kila vinapotimia nyuzi nzima, konokono anaongezewa kwenye mgeuko unaofuata. Apa kidogo, apa kidogo. Nilirudisha "ilibakia" mahali pake, na saba ikafunga.

Hapo ndipo ningepaswa kufurahi. Badala yake nilikaa chini kwenye sakafu ya darasa, kwa sababu nilikumbuka hospitali. Siku ile ulipofungua macho na kuniuliza, "Saba inafunga?" Nesi alisema ni homa inayosema. Mimi nikakushika mkono nikajibu, "Inafunga, Yaya, lala." Nilijibu kama mtu anavyomjibu mtoto. Ulikuwa unanikabidhi kazi? Ulikuwa unanipima kama nimeelewa? Au nesi alisema kweli, na mimi sasa najishonea maana pasipo na maana? Nimeligeuza swali hilo kila upande. Kuna siku nasema ulijua kabisa. Siku inayofuata sijui tena.

Na kuna jingine. Kila nilipokosea, ulinipiga kwa maneno yaleyale: "Mashine haihurumie muntu, Héritier. Hesabu tena." Nilikuamini. Miaka minne nimehesabu tena. Kumbe mashine uliyoitengeneza kwa mikono yako ilikuwa inawahurumia watoto kimyakimya, inawafungia maumbo yao bila kuwaambia. Mbona mimi hukunihurumia? Au ulinihurumia kwa namna nisiyoiona? Ugonjwa wako nao uliniambia ni malaria tu, miezi yote ile, ukaendelea kuja kazini na sweta katikati ya joto la Oktoba. Nimekukasirikia, Yaya. Nasema hivyo kwa heshima, lakini nimekukasirikia, halafu nikaona aibu, halafu nikakasirika tena.

Nilimwuliza mwalimu mkuu kama watoto waambiwe kuhusu "ilibakia". Akasema, "Acha tu, inatumika muzuri." Mama yako alisema muntu haone. Mimi sikuwasikiliza. Nimeweka kitufe kidogo pembeni, mtoto akikigusa anaona kilichobaki na mahali kilipoingizwa. Na kwenye programu, pembeni ya kisanduku chako, nimeandika maelezo ambayo wewe hukuyaandika, na jina la Mama Ngalula kama mwalimu wa njia hiyo. Kama nimekosea, sijui nani ataniambia.

Jumatatu tulizifungua tableti darasani. Kelele yake usiulize. Kila mtu na konokono wake, wengine wanachora nyumba, wengine bomba refu la kiwanda na moshi. Ndipo Rachel, binti wa safu ya mbele mwenye mkono mwepesi, akamwambia konokono ageuke mia tatu na sitini gawa kwa sifuri. Konokono akasimama. Niliinama ili nisome kosa, na kwenye kioo palikuwa pameandikwa:

"Apa siwezi, mupenzi. Badirisha namba moya, tujaribu tena."

Rachel alisoma kwa sauti. Watoto wale uliowafundisha mwaka jana wakainua vichwa. Mmoja wao akasema, "Ni Madame," bila hofu yoyote, kama vile umechungulia dirishani. Rachel akafuta sifuri, akaandika tano. Mimi nilitoka nje nikasimama ukutani mpaka walipoanza kuniita.

Yaya, faili la jumbe za makosa nililinakili lote bila kulifungua. Miaka minne nilikuwa najikagua mara tatu kabla ya kukuonyesha chochote, kwa kuogopa maneno yako, kwa hiyo hakuna kosa langu lililowahi kufika mpaka kwenye jumbe zako. Sikujua umeandika nini humo. Nimehesabu tu: jumbe ambazo hazijatokea zimebaki kumi na tisa. Ningeweza kuzisoma zote leo kabla ya kula. Sitazisoma. Nakuahidi nitaiweka Tembeya ikiwa hai kwenye tableti hizi, na kwenye chochote kitakachokuja baada ya tableti, na nitawaacha watoto wakosee kadiri wanavyotaka, mpaka wazitoe zote, moja moja, uendelee kusema.

Sasa pumzika. Darasa linaanza saa mbili, nami nitakuwa nimekaa nyuma, nikisubiri kosa.

Mudogo yako,
Héritier