Mwewe wa Njia ya Makambako

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene. Huku Njombe tu wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na viazi vimekubali mwaka huu. Umeniuliza kama umwambie baba yako kwamba umefeli. Ngoja nikusimulie.

Enzi za Waingereza, nikiwa shule ya misheni, nilifeli mtihani wa mwisho wa mwaka. Nikarudi nyumbani likizo ya Desemba, nisiseme kitu. Ugumu wa siku zile tuuache. Baba yangu, aliyekuwa mwinjilisti, akanichukua tukawatembelee ndugu Makambako. Tulipofika njia inapopenya kati ya milima miwili, akanishika mkono. Juu yetu mwewe wengi mno walikuwa wakizunguka bila kupiga bawa.

"Wanatoka mbali, kaskazini huko," alisema. "Wanangoja hewa ipate joto iwabebe, ndipo wavuke."

Tukaketi juu ya jiwe, tukala viazi vya kuchoma. Jua lilipopanda, wakaanza kupita. Nikajikuta nasema, "Baba, nilifeli."

Hakugeuka. "Mwalimu wako aliniandikia kabla hujafika. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Hujakasirika?"

"Nilikasirika juma zima. Yamekwisha. Mwakani utarudia. Hebu mtazame yule mkubwa anavyopita!"

Nililia, kisha nikacheka, na njia nzima hadi Makambako nilikuwa nikiimba.

Baba yako nimemlea mwenyewe, namjua. Atafoka, halafu atakuuliza kama umekula.

Bibi yako anayekuombea.