Swali Nililolitafsiri Ngoreme

Mama yangu, shikamoo. Mimi mzima huku Ngoreme.

Wasomi ninaowatafsiria kila mmoja ana lake. Mmoja anaandika sheria za mahari, mwingine anawatoa ng'ombe damu apime ugonjwa wa mbung'o, na wa tatu ni wa hesabu, anataka kujua mifugo inaongezekaje. Jana tukiwa ndani ya zizi la mzee mmoja, huyo wa hesabu aliwanyooshea ng'ombe kidole: "Muulize wako wangapi." Mimi najua kwetu mifugo, kama watoto, haihesabiwi; ni kuiitia kifo. Nikaogopa kufukuzwa kazi, nikatafsiri.

Mzee aliwaita wanawe. Wanawe wakaziba mlango wa zizi kwa miiba, mikuki mkononi, sisi tukiwa ndani. Bwana wa sheria akafunga daftari. Wa damu akabaki na sindano hewani. Lakini mzee alinitazama mimi tu.

"Hawa ni wageni, hawajui. Wewe, mama yako aliwahi kukuhesabu?"

Nikasema hapana, nikaomba radhi mbele ya wote. Ndipo akaondoa miiba, akawaita ng'ombe watoke, kila mmoja kwa jina lake. Bwana wa hesabu alichora mstari kwa kila jina, bila kutamka namba.

Nikakukumbuka ukituita kula, jina kwa jina, mpaka wa mwisho afike. Langu endelea kuliita jioni, mama. Siku usizihesabu.

Mwanao, Marwa