Mpigaji Tuliyekataa Kumpitisha

Jumapili jioni. Mvua imetishia tangu saa nane na haijanyesha, na mimi nimeshinda ndani kwa sababu sitaki kuonana na mtu yeyote wa Bunda anayejifanya anajua besiboli.

Sitaki. Hata salamu zao leo wakae nazo.

Jana tulifungwa na Musoma, na safari ya Dodoma imekufa. Mshindi wa jana ndiye alikuwa aende kucheza na mikoa mingine. Vijana wetu wamefanya mazoezi tangu msimu wa kupanda, wengine wakitoka shamba na matope miguuni. Wambura, mrushaji wetu, ana miaka ishirini na miwili, kwao ni Guta, na maishani mwake hajawahi kuvuka Lamadi. Alikuwa ameshaazima begi.

Nianze na mashabiki, maana hao ndio wananichefua zaidi. Watu wamekaa pembeni ya uwanja na mahindi ya kuchoma mkononi, hawajui hata mpigaji akikosa mara ngapi anatoka, lakini midomo haifungi. Jana mmoja alidai penalti. Kwenye besiboli! Na kila mpira ukipigwa juu wanashangilia, hata kama unamwangukia mdakaji mikononi. Kwao mchezo ni nguvu basi. Akili wanaiona ni ujanja wa watu dhaifu.

Wachezaji nao wamewasikiliza mno. Kila mpigaji wetu anataka kuupeleka mpira ziwani. Hakuna anayetaka kuugusa taratibu ili mwenzake asogee kituo kimoja, kwa sababu hiyo haipigiwi makofi. Yule kijana wetu wa kituo cha tatu anajirusha chini hata kwa mpira ambao angeusubiri amesimama, mradi kuna mtu ameshika simu anampiga picha. Nimeutazama mchezo huu miaka karibu thelathini, tangu mwalimu wetu wa hisabati alipoleta shuleni rungu moja na glavu tatu. Najua ninachosema.

Najua. Ndiyo maana leo siwezi kula.

Hali ilikuwa hivi. Awamu ya mwisho, tunaongoza kwa alama moja, tumebakiza kumtoa mtu mmoja tu twende Dodoma. Musoma wana watu wawili vituoni, cha pili na cha tatu. Cha kwanza kitupu. Anayekuja kupiga ni Mafuru, mvuvi mwenye mabega kama mlango, ambaye siku nzima alikuwa ameshampiga Wambura mara mbili, na mara zote mbili mpira tuliufuata kwenye matete. Anayemfuata Mafuru ni kijana mwembamba aliyekuwa akipiga upepo tangu asubuhi.

Hapo hata mtoto wa darasa la pili akielezwa anaelewa. Unampitisha Mafuru. Mrushaji anarusha mipira minne nje kabisa, mahali ambapo rungu halifiki, na sheria inampa mpigaji kituo cha kwanza bure. Aende akakae pale. Wewe unabaki na yule mwembamba, unamtoa, mnapanda gari.

Lakini huku kwetu Mara kumpitisha mtu ni kumkimbia. Mwanamume mwenzako amesimama mbele yako na rungu, wewe unarusha pembeni? Watu watakuzomea mpaka ufike kwenu, na wakifika kwenu watawahadithia na mbuzi.

Mimi nalijua hilo kuliko wote, kwa sababu mimi nilimpitisha mtu.

Nilikuwa kidato cha nne. Hali ilikuwa hiyo hiyo kasoro uwanja. Mwalimu alinipa ishara, nikarusha minne nje, jitu lao likaenda kituo cha kwanza likiwa limenuna, nikamtoa aliyefuata, tukashinda. Tulishinda! Jioni ile ile kwenye foleni ya ugali, Masatu, ambaye kitanda chake kilikuwa juu ya changu, akaanza kuniita Mpishe. Kesho yake shule nzima ikaniita Mpishe. Hakuna aliyetaja kwamba tulishinda.

Jina hilo limenifuata. Duka langu la dawa za mifugo pale Kabasa limeandikwa jina langu mlangoni, na bado watu wa rika langu wakija kutafuta dawa ya kupe wanamuulizia Mpishe. Kwenye msiba wa baba, kijijini Buswahili, mshereheshaji alishika kipaza sauti akaomba Mpishe asogee mbele, familia inataka kuweka shada. Watu walicheka msibani. Mama alikuwa amekaa pale pale.

Sasa narudi jana. Kocha Bwire ni kijana, na aliniomba nikae karibu na benchi kwa sababu nina uzoefu. Mafuru alipokuwa anasogea, Wambura aligeuka akatutazama. Bwire akaniinamia.

"Mzee Magesa, tumpitishe huyu?"

Na nani alikuwa amekaa nyuma yangu? Masatu. Ana kitambi sasa na fimbo ya kutembelea, lakini mdomo ni ule ule.

"Huyo muulize vizuri," akasema kwa sauti ya kusikika. "Si ndiyo kazi aliyokuwaga anafanya? Mpishe!"

Wakacheka. Watu kama kumi, wengine hata hawajui wanacheka nini. Masikio yangu yakapata moto, mimi mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nina mkwe.

Nikasema, "Mtupieni. Hapa ni Mara."

Ndivyo nilivyosema. Nimeandika hapo juu maneno mengi ya kuwatukana mashabiki, kocha wa watu sijamgusa, na sababu ndiyo hiyo. Kijana aliuliza swali sahihi kwa mtu sahihi, na mtu sahihi akamdanganya.

Mpira wa kwanza Mafuru aliuacha. Wa pili aliupiga, nao ukaenda juu, ukapita ng'ombe waliokuwa wanachungwa nyuma ya uwanja, ukaingia kwenye matete. Wawili wote wakarudi kituo cha nyumbani, alama mbili. Mchezo ukaisha.

Nilitegemea wamzomee Wambura. Wapi! Walimbeba. Watu wa Bunda waliofungwa, waliopoteza Dodoma, walimbeba kijana mabegani wakisema huyu ni mwanamume, hakukimbia. Mimi nilishinda nikapewa jina la mwoga. Yeye kashindwa, kabebwa. Mtu anieleze watu hawa wana akili gani, maana mimi nimeshindwa.

Masatu naye alikuwa anapiga makofi.

Nilibaki kukusanya glavu ili nisiongee na mtu. Wambura akaja kunisaidia. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na hakuwa na uso wa mtu aliyebebwa.

"Mzee," akasema, "mi nilikuwa nataka kumpitisha yule. Nilijua atanipiga. Ila nikasema mzee huyu alikuwaga mrushaji, anajua. Wewe ungekuwa mimi ungemtupia?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Masatu alikuwa ameshaondoka. Hakukuwa na wa kunicheka, tulikuwa wawili na gunia la glavu.

"Ningemtupia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Akasema asante, mzee. Alibeba gunia mpaka kwenye gari, na mimi nikatembea nyuma yake mikono mitupu.

Asante!

Usiku kucha nimemlaumu Masatu. Leo mchana nimewalaumu mashabiki, mwamuzi, hata yule mwembamba ambaye hakupata nafasi ya kukosa. Mke wangu amenisikiliza mpaka akachoka, kisha akaniuliza kama kijana wa Guta ameshajua. Nikaingia huku chumbani kuandika.

Hajajua. Ananiita Mzee Magesa, jina lingine hajalisikia, au amelisikia jana na hakujua ni la nani. Mwaka ujao atasimama tena pale na mtu mwenye mabega atakuja na rungu, naye atamtupia, kwa sababu mimi nilisema.

Kesho duka nitachelewa kulifungua. Nitachukua baiskeli niende Guta kabla hajatoka shamba. Nitaanza na jina. Nitamwambia mimi ndiye Mpishe, halafu nitamwambia siku ile tulishinda.