Nimebaki Kando ya Kitanda

Mama Rasoa,

Mvua imekatika asubuhi hii na zamu yangu bado saa moja ianze. Nimekaa kwenye benchi nyuma ya wodi ya wanaume, pale tulipokuwa tunakunywa chai tukiwa tumevua viatu. Nina habari nyingi, ila nianze na iliyo kubwa: wodi haikufa.

Unakumbuka watu walivyokuwa wakisema. Wazungu wakiondoka, wagonjwa wataozea vitandani. Sista mkuu alipofunga masanduku yake akaenda, mwezi uliofuata ukaenda wewe, na mimi nikaamini kwamba wenye kusema walisema kweli. Ulikuwa umefanya kazi wodini miaka mingi bila cheti. Mimi nilikuja na cheti kipya na aproni iliyopigwa pasi, na sikujua hata kumgeuza mtu mzima bila kumwumiza. Ulinishika mikono yote miwili. "Usimvute kama gunia la mahindi, Mmbone. Mwambie kwanza kwamba unamgeuza." Nikaona aibu, nikamwambia mgonjwa. Akageuka karibu mwenyewe.

Sasa tuna matroni Mwafrika. Ungempenda, ingawa mngegombana wiki ya kwanza. Aliniita ofisini Jumatatu moja. "Una cheti na una mwandiko mzuri," akasema. "Nataka mtu wa kupanga zamu na kuandika ripoti. Utakaa mezani. Nipe jibu Ijumaa." Wenzangu wawili niliosoma nao walikuwa wameshakubali nafasi kama hiyo kwingine. Baba naye, nilipomweleza kule Bukura, hakuona la kufikiria. "Uhuru umekuja," akaniambia, "na wewe bado unaoshanga watu wazima? Hiyo kazi ina kesho gani?"

Sitakuficha, Mama. Nilikuwa nimeamua kukubali. Mgongo ulikuwa unaniuma, nawe hukuwepo tena wa kunicheka.

Jumanne wakamleta Lumbasi kutoka Malinya. Shimo la dhahabu lilikuwa limebomoka, udongo ukamfunika hadi kiunoni, mguu ukavunjika chini ya goti. Wakaufunga plasta. Jumatano asubuhi daktari alipita, akamwuliza hali, naye akajibu, "Mzima kabisa." Mke wake alikuwa amekaa hapo na uji wake. Daktari akaandika kwamba anaendelea vizuri, akaenda.

Nilipofika kumwosha, nikaanza na uso, nikashuka. Vidole vya mguu ule vilikuwa baridi, Mama, na vimepauka. Nikavinyoosha kidogo tu. Lumbasi akauma blanketi.

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Wanaume wa Malinya hawaliangi kwa sababu ya mguu," akanijibu, jasho likimtoka.

Hapo nikasikia sauti yako waziwazi kama uko upande wa pili wa kitanda. "Mgonjwa anaweza kukudanganya. Vidole vyake havidanganyangi." Mguu ulikuwa umevimba ndani ya plasta na damu haipiti vizuri.

Nikakimbia. Daktari alikuwa mkutanoni na wageni kutoka Nairobi, na karani mlangoni akaniambia nisubiri wamalize. Mimi, ambaye zamani nilikuwa nakutuma wewe ukaongee na daktari kwa niaba yangu! Nikasukuma mlango. "Daktari, mguu wa Lumbasi unakufa." Wageni wakageuka wote. Sikuomba hata msamaha.

Alikasirika, lakini alikuja, na matroni nyuma yake. Alipovigusa vile vidole hasira ikamtoka usoni. Wakaipasua plasta kutoka juu hadi chini. Nikaushika ule mguu tukangoja. Polepole vidole vikaanza kupata joto. Lumbasi akatikisa kidole gumba, na mwanamume yule wa Malinya akalia mbele ya mke wake, mbele yetu sote.

"Nani alikufundisha kushika vidole?" daktari akaniuliza.

Nikalitaja jina lako. Jina lote, pamoja na la baba yako. Hakukujua, alikuja baada yako. Lakini alilirudia, taratibu, na mimi ndipo nikashindwa kujizuia.

Maana nilikuwa sijakulilia vizuri. Zile siku zako za mwisho nilikuosha kwa mikono yangu, na hata wakati huo ulinisahihisha. "Maji yamepoa, Mmbone." Nikacheka. Nikaenda kuleta ya moto. Siku ya maziko watu walikuwa wengi mno, nikawa wa kupanga viti.

Ijumaa nikaenda kwa matroni. Nikamwambia mezani sitakaa, anipe wanafunzi niwafundishe wodini. Akaniangalia sana. "Unajua wanaobaki wodini hawapandi cheo?"

"Ni kwa sababu hakuna aliyedai," nikasema. Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Nikamwambia dawa mpya zitakuja, na mashine ambazo hatujaziona, na madaktari wetu wenyewe wengi. Lakini chini ya bendera yoyote watu wataugua, na mtu akiugua analala kitandani, na lazima awepo anayejua kazi ya kukaa naye. Hiyo ndiyo kesho ya kazi hii.

Matroni hakusema ndiyo siku hiyo. Alisema wiki iliyofuata. Kila mwanafunzi mpya ataanza na miezi mitatu wodini kwangu, kabla ya kwenda popote. Pia ameandika barua kwa wakubwa, akiomba muuguzi wa wodi apandishwe cheo akiwa palepale wodini. Bado hawajajibu. Watajibu, na wakikawia ataandika tena, namwona alivyo.

Lumbasi ametoka kwa magongo. Baba naye, nasikia kule Bukura anawaambia majirani kwamba mimi ni mkubwa hospitalini, daktari hafanyi kitu bila kuniuliza. Sijamsahihisha.

Wasichana wanne wa kwanza wanakuja kesho. Nakuahidi hivi, Mama: nitawafundisha kwa mikono yao kabla ya madaftari yao, nao watakujua kwa jina. Na siku wakubwa watakapokubali kumpa cheo anayeosha wagonjwa, nitakuja pale ulipolala nikuambie kwa mdomo wangu.

Mulembe, amani iwe nawe, Mama Rasoa. Pumzika. Kengele ya zamu imelia, na leo nina wagonjwa ishirini na mmoja.

Mimi wako,
Mmbone