Pipa la Taka la Mama

4 Februari

Kwako binti yangu,

Salamu zikufikie huko ulikorudi. Mimi mwili mzima, ila kichwa kinauma, na anayekiumiza ni wewe. Natumaini ulifika salama na una afya njema, maana haya nataka uyasome ukiwa na nguvu.

Umeifanya nini kompyuta yangu?

Nilitoka kukusindikiza, nikarudi dukani na machozi yangu, nikawasha nianze nembo za sare za shule. Badala ya Windows yangu likaja dirisha jeusi, linaniuliza jina na nywila kama askari wa getini. Nikapiga kelele, fundi wangu Kidole akaacha cherehani akaja mbio akidhani nimechomwa na pasi. Pembeni ya kibodi nikakuta kikaratasi chako: "Mama, zawadi yako! Sasa unatumia Linux. Utaipenda." Na umechora moyo!

Nani alikuomba? Nilikulalamikia lini? Windows yangu nilikuwa naijua kama ninavyojua chumvi iko kabati gani. Nilikuwa nimeridhika, unasikia? Programu ya kudarizi haipo. Mashine ya kudarizi imekaa imenuna, na mwalimu mkuu ameshapita kuuliza nembo zake. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wangu kaja, na mwenyeji yuko hoi.

Na michoro ya marehemu dada yako siioni. Nimeitafuta mpaka macho yakaniwasha. Iko wapi?

Simu nimekufungia. Ukinipigia utaanza "Mama, Mama," nami nitalegea, na sitaki kulegea. Andika barua, niichane nikitaka.

Mimi mama yako mwenye hasira.


15 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, afya ipo, kazi ipo. Wasalimie Kidole na majirani wote wa duka.

Mama, umenifungia simu kama tapeli! Mimi, mwanao! Barua yako niliisoma jikoni kazini, wenzangu wakaniuliza nani amekufa.

Nisikilize kidogo. Windows uliyokuwa nayo ilikuwa imeachwa kutunzwa na wenyewe, mlango wazi kwa kila mwizi wa mtandaoni, na mpya yake isingekaa kwenye kompyuta ile ya zamani. Ungeambiwa ununue nyingine. Nikaona nikuondolee mzigo huo. Sikukuuliza kwa sababu nakujua. Ungesema "mwakani", na mwakani ungesema "mwakani".

Nilikuwekea ile ninayotumia mwenyewe, ili ukinipigia nijue unachokiona. Kama imekushinda, Linux si moja, ina matoleo mengi, na mtu huchagua. Mint inafanana sana na ulichozoea. Ubuntu ina watu wengi wa kuwauliza. Debian ni ya wasiopenda mambo kubadilikabadilika, labda ndiyo wewe. Kuna hata programu ya bure ya kuchorea darizi. Ni kujifunza tu, Mama, dunia haisubiri mtu.

Na usiniambie nimepoteza vitu. Nilinakili kila kitu kwanza: folda zote, picha zote, hata zile barua za wateja za zamani. Diski iko kwenye droo ya chini, chini ya mikasi. Michoro ya dada lazima imo humo. Uliiweka folda gani?

Binti yako, ambaye alidhani anasaidia.


24 Februari

Kwako wewe uliyesoma,

Salamu. Sijambo, kama unajali. Kidole anakusalimu, mimi sijui kama nakusalimu.

Diski nimeiona na nimeifungua, na michoro ya dada yako haimo. Unaniuliza niliiweka folda gani. Niliiweka kwenye pipa la taka.

Ndiyo, lile pipa dogo pale kwenye kona ya skrini. Usicheke. Unamkumbuka yule fundi niliyemwajiri kabla ya Kidole, aliyekuwa akiniita "Mama Mlezi" asubuhi na jioni? Alizoa michoro yangu kwenye flashi akaiuza kwa duka la ng'ambo ya barabara. Nilikuja kuyaona maua yangu yananing'inia kwenye dirisha la mtu mwingine. Tangu siku hiyo nikasema, kitu cha thamani nitakiweka pasipofunguliwa na mtu. Mwizi atafungua kabati, atafungua folda, atainua godoro. Lakini nani anachokora taka? Windows yangu miaka yote hiyo haikunimwagia hata mchoro mmoja. Ilikuwa na adabu.

Unajua ile michoro ilichorwaje. Dada yako hakuwa na nguvu tena za kusukuma kitambaa kwenye sindano. Nilimwekea mto mgongoni, akakaa mbele ya kompyuta ile ile, akachora kwa kipanya, ua baada ya ua, akipumzika katikati. Sikuwahi kuishona. Sikuwa na moyo. Mwaka huu nilisema sasa moyo umerudi, nitaishona kwenye pazia kubwa la dirisha la duka, na wa ng'ambo ya barabara nao watazame vyao.

Halafu unaniambia ni kujifunza tu. Unaniambia uliniwekea unayotumia wewe. Basi hukunichagulia mimi, ulijichagulia wewe. Ungemnunulia mtu viatu vya saizi yako?

Usinijibu. Barua yako yoyote itakayokuja nitaitupa kwenye droo bila kuifungua mpaka hasira ziniishe, na sioni zikiisha karibuni.

Mama yako.


2 Machi

Mama,

Shikamoo. ZIMA KOMPYUTA. Ukisoma hapa, weka barua chini, nenda ukazime, kisha urudi.

Usiwashe tena. Usifungue chochote, usimpe fundi yeyote. Vitu vilivyofutwa havitoki mara moja. Vinabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hata baada ya nilichokifanya, sehemu kubwa inaweza kuwa bado imo. Kila siku unayoitumia ndiyo unayoifunika. Itoe diski ya ndani ya kompyuta, ifunge kwa kitambaa, mpe mtu wa mabasi ya vifurushi, nitalipia huku. Kazini kwetu kuna anayefufua diski zilizoungua, sembuse hii.

Lile pipa nililimwaga mwenyewe, Mama. Lilikuwa limejaa, nikasema loo, Mama hata taka hatupi, nikabonyeza. Sikufungua kuangalia.

Nimempigia Kidole. Amesema umekataza jina langu lisitajwe dukani. Nimemwambia akuambie neno moja tu: zima.

Binti yako.


21 Machi

Mama,

Shikamoo, ingawa najua naongea na droo.

Kimya chako kimenichosha. Nilikosea, sawa, nipige, nitukane, lakini soma barua! Kidole ananiambia ulimwambia afunge mdomo kabla hajamaliza sentensi. Ananiambia kompyuta inawaka kila siku. Kila siku, Mama! Ulinifundisha wewe kwamba hasira hasara. Ulinifundisha ukiwa umeshika mwiko, nakumbuka.

Dada alikuwa dada yangu pia. Hujaniuliza hata mara moja mimi nina hali gani.

Soma barua ya tarehe mbili.

Binti yako.


9 Aprili

Kwako binti yangu,

Salamu nyingi. U hali gani? Nauliza kweli.

Nimesoma zote mbili leo. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, na usinikatize.

Nilipoipeleka posta ile barua ya pipa, nilirudi nimewaka. Nikasema huyu mtoto ananiona mimi ni mama wa "mwakani". Nitamwonyesha. Nitachagua Linux yangu mwenyewe, na nitaichagua vizuri kuliko yeye. Nikaenda kwa fundi simu wa kona, yule mwenye stuli moja ambayo haikalii, nikamwambia nataka matoleo yote aliyonayo. Akaniwekea kwenye flashi, moja moja. Akaniambia naweza kuyaonja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Nikamwambia mimi sionji, mimi nahamia. Nyumba huijui mpaka ulale ndani.

Nikahamia ya kwanza. Nzuri, ila printa ilikataa kata kata. Nikahamia nyingine. Printa ikakubali, lakini maandishi madogo kama sisimizi. Nyingine ilinipangia vitu upande ambao mkono wangu hauendi, kila nikitaka kufunga nafungua. Kidole alikuwa akinifuata nyuma, "Mama, dada wa huko kasema..." nami namwambia mwenye jina hilo hayupo hapa, shona! Mwisho nikahamia Mint. Flashi inasomwa, printa inachapa, herufi nimezikuza, na ile programu ya bure ya darizi imo. Imenitoa jasho, nimeitukana, lakini mchoro ukaingia kwenye mashine, na nembo za mwalimu mkuu zikatoka, shingo za herufi zimenyooka. Nilicheka peke yangu. Nikasema sasa namfungulia droo yake, nimwandikie nimkomeshe.

Nikafungua. Neno la kwanza nililoliona ni zima.

Kuna kitu kimoja kinanikata. Fundi wa kona, kabla ya kila kuhama, aliniuliza. Mtu hanijui, si damu yangu, lakini aliuliza: "Mama, humu ndani kuna kitu chochote cha maana?" Nami kila mara nilimjibu kwa ukali, hakuna, vimeshaibiwa vyote na mwanangu, futa.

Alichorudia kuniuliza ni hicho tu, nami nikarudia kusema futa.

Nimeshaizima. Diski niliyoitoa ameichukua mtu wa vifurushi, na fundi wa kona atanitilia nyingine yenye Mint. Itazame, lakini usinipe tumaini la bure. Nimekukasirikia bado. Nimejikasirikia zaidi. Simu sikufungulii, maana sauti yako sasa hivi itaniangusha.

Mama yako.


3 Mei

Mama,

Shikamoo. Afya ipo. Umeniuliza nina hali gani, na hali si nzuri.

Diski imekuja. Tumeitazama mimi na yule mwenzangu tangu tulipoipokea. Kumetoka vipande: kipande cha jani, mstari wa shina, na jina la faili, "ua la pembeni", bila ua lenyewe. Mengine yamefunikwa. Yeye amesema kama ingekuja Machi. Nikamwambia anyamaze.

Nina hasira na wewe, Mama, na sioni aibu kusema. Mimi nilifuta kwa ujinga mara moja. Wewe ulifuta kwa kiburi, ukarudia na kurudia, na barua iko kwenye droo chini ya kiwiko chako. Lakini nikifika hapo nakumbuka nani aliyeanza, na hasira inakosa pa kukaa.

Ndani ya kifurushi hiki kuna foronya. Hukuwahi kuiona. Dada aliishona siku zile kabla sijasafiri, ulipokuwa umelala mchana, Kidole akimshikia kitambaa. Ni lile ua la pembeni, lenye petali moja iliyokunjwa. Ndio mchoro wake pekee uliowahi kupita kwenye sindano. Nimeilalia tangu alipofariki. Sijaifua mara nyingi, niliogopa itachakaa.

Ipige picha, mbele na nyuma. Ipime. Uchore upya kwenye Mint yako. Kisha nirudishie. Ni yangu, Mama. Alinishonea mimi.

Binti yako.


19 Mei

Kwako kitinda mimba wangu,

Salamu zangu za dhati. Mimi mzima. Kidole mzima, alipoiona foronya alikimbilia chumba cha vitambaa akakaa huko mpaka nikamfuata. Nimemsamehe kwa kunificha, na yeye amenisamehe kwa kumfunga mdomo.

Imefika salama. Nimeiweka kwenye meza ya kukatia, chini ya taa, na mlango nimeufunga wateja wasiishike. Nimeipiga picha, nimeipima, nimeigeuza. Nimeanza kuchora upya kwenye Mint. Shina limekubali. Majani yamekubali. Petali iliyokunjwa imekataa.

Dada yako alikuwa fundi mbaya, Mungu amrehemu, nasema mbaya kwa mapenzi. Ameshona nyuzi juu ya nyuzi. Ule mkunjo unaonekana hivyo kwa sababu kuna mishono chini yake iliyolala upande mwingine, na hiyo siioni, si mbele si nyuma. Nimejaribu kubahatisha. Nimeshona majaribio mpaka kapu limejaa, na yote yametoka ua tu, ua la mtu yeyote. Ili niujue mkunjo wake lazima nifumue petali ile, uzi kwa uzi, nione ameanzia wapi na amepita wapi. Nikifumua nitaupata, na nikishaupata unaweza kushonwa kwenye pazia, kwenye foronya mia, hata nikifa. Lakini nyuzi zenyewe alizozipitisha yeye hazitarudi. Nitakushonea juu yake upya, ila utakuwa mshono wangu, si wake.

Wembe wa kufumulia nimeushika, nikauweka chini. Nikauchukua tena. Nilijiambia, mimi ndiye mama, mimi ndiye fundi, najua kilicho bora, mtoto atashukuru baadaye. Nikasikia sauti yako kwenye kile kikaratasi chenye moyo. "Utaipenda."

Nikaenda nje nikamwagilia ndoo ya maua ya mlangoni, na nilikuwa nimeshaimwagilia.

Hasira zangu kwako hazijaisha, usije ukadhani. Utakapokuja likizo zitakungoja mlangoni pamoja na mimi. Lakini foronya hii ni yako.

Basi nakuuliza, mwanangu. Nifumue, au nikurudishie ilivyo?

Simu nimekufungulia. Wembe uko kwenye droo ya chini, na sitaugusa mpaka uniambie.

Mama yako.