Bado Tunamtafuta Akinyi

Dada Akinyi,

Barua kwa kawaida huanza kwa kuulizana hali, na hapo tu nimeshakwama. Hali yako naijua. Yangu ndiyo siielewi. Ninakula, ninaenda kazini, ninacheka mtu akisema kitu cha kuchekesha, halafu nakasirika kwamba nimecheka.

Nakuandikia kwa sababu ya grupu. Siku ile bomu lilipolipuka sokoni na simu yako ikakataa kuingia, nilifungua grupu kwenye simu nikaiita "Tunamtafuta Akinyi." Bila kuchagua, nikaingiza kila namba niliyoiona, na yako pia. Ndiyo, dada. Nilikuingiza kwenye grupu ya kukutafuta. Cheka tu, najua ungecheka.

Watu wakaanza kuingizana. Kufikia jioni humo kulikuwa na majina nisiyoyajua kabisa. Mama Wanjiru wa duka la hapa mtaani Pioneer, Eldoret, alifunga duka, yeye ambaye hafungi hata Krismasi, akaenda kukaa kwenye lango la hospitali na chupa ya chai, akimmiminia kila aliyekuwa anangoja mtu wake. Kiprop, yule wa boda aliyekuwa anakubeba asubuhi, alizunguka na picha yako hospitali moja baada ya nyingine. Wakati wa kampeni za uchaguzi, kila mmoja na mgombea wake, hao wawili walikuwa hawasalimiani. Sasa naona Mama Wanjiru anamwandikia, "Kiprop, umekula?" Nani alibadilisha nini, sijui.

Ni Kiprop aliyekupata. Hakuandika ni wapi. Aliandika neno moja tu, "Kujeni," na sote tukajua ni mochari.

Watu wa grupu walikusindikiza mpaka nyumbani kwetu kando ya ziwa, basi zima. Kulikuwa na watu wa Turbo, watu wa Kesses, wengine hawakuwa wamewahi kuliona ziwa. Mama Wanjiru alimenya viazi na shangazi zetu, wakabishana kama viazi ni chakula au ni mboga, na mama yetu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu uletwe, akacheka. Nikaenda nyuma ya jikoni nikalia. Sikujua nalilia nini hasa.

Nilifikiri baada ya mazishi watu watatoka kwenye grupu. Hakuna aliyetoka. Sasa wanatafutiana vitu humo: kitambulisho kilichopotea, nyumba ya kupanga, mtu wa kutoa damu kwa majeruhi ambaye bado yuko wodini. Asubuhi wanaombeana. Na nikuambie la aibu: miaka yote hii Eldoret sijawahi kuwa na marafiki kama hawa. Nimewapata kwa sababu ulikufa. Nishukuru? Nikatae? Nikiwafurahia najiona kama mwizi.

Juzi aliongezwa mzee mmoja wa Kesses aliyepotelewa na ng'ombe. Akasoma jina la grupu, akauliza kwa adabu, "Na huyu Akinyi alipatikana?" Mimi niliandika ndiyo, nikafuta. Nikaandika hapana, nikafuta.

Jioni Mama Wanjiru alikuja. "Odhiambo mtoto wangu, hiyo jina inauma watu. Badilisha. Na hiyo namba yake utoe, apumzike." Kabla hajafika nyumbani kwake, Kiprop, aliyekuwa amesikia wazo hilo, akanipigia. "Usitoe bana. Ukimtoa ni kama sisi ndio tumemwacha."

Grupu niliifungua mimi, kwa hiyo uamuzi ni wangu. Unajua kila ujumbe humo hubaki na tiki moja? Ya pili haiji, kwa sababu kuna simu moja ambayo haijapokea. Maombi, salamu, picha za ng'ombe, yote yanakungoja wewe. Nimebonyeza jina lako mara nyingi nikafika pale pa kukutoa, kidole kikagoma.

Kisha nikakumbuka ulivyokuwa. Grupu za harusi, za chama cha kuchangishana, hata ile ya ukoo aliyoianzisha mjomba, ulikuwa unatoka kabla hatujamaliza kusalimiana. "Mimi na kelele, hapana," ulisema, na mjomba akanuna mpaka Pasaka. Hukuwahi kungoja mtu akutoe.

Basi nimeamua, ingawa bado sijui kama ni sawa. Mzee nimemjibu: alipatikana, tukamzika, karibu sana. Ng'ombe wake naye amepatikana, ameshiba mahindi ya jirani. Jina la grupu nimebadilisha leo, sasa ni "Watu wa Akinyi."

Lala salama, dada. Mama nitamtunza, na watu wako sitawaacha. Lakini namba yako sitaigusa. Ukichoka na kelele zetu, toka mwenyewe, kama kawaida yako.

Ndugu yako,
Odhiambo